Mpaka wa Sikioni

Kambi ya Msangamwelu haikuwa na ua. Kamishna Kahise alipenda kuwaonyesha wageni jambo hilo kabla ya jingine lolote, na ingawa Injinia Tekla Bikongoro hakuwa mgeni wa kuonyeshwa, alimwonyesha naye pia. Alisimamisha gari juu ya kilima, akashusha kioo na kunyoosha mkono.

"Tazama mwenyewe, Injinia. Hakuna waya, hakuna ukuta, hakuna mlinzi mwenye bunduki. Mbuzi wa wanakijiji wanaingia na kutoka watakavyo. Nani atathubutu kuiita hii jela?"

Tekla alitazama. Chini bondeni mapaa ya bati yalimeta kwa safu, yakifuatiwa na vishamba vya mihogo, kisha nyika. Vijia vya miguu vilitoka kati ya nyumba na kwenda pande zote, na vyote vilikomea mahali pamoja, ghafla, kama vimekatwa kwa kisu. Kuanzia hapo majani yalisimama wima, hayajakanyagwa na mtu. Hakuhitaji kuambiwa kwa nini. Mstari ule aliuchora yeye, ofisini kwake mjini, huku akinywa chai.

Wakati anaanza kazi ile hakuwaza wakimbizi. Alimwaza baba yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akishikwa na kizunguzungu na kuanguka hata akitoka msalani. Tekla alimtengenezea kidude kidogo kama punje ya mtama, kikapachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, kikawa kinalituliza sikio la ndani, pale ambapo mwili hujulia juu ni wapi na chini ni wapi. Mzee akaacha kuanguka. Punje zikaenda katika hospitali za wilaya, wazee wengi wakapona, na Tekla akapata jina.

Kisha vita vya Ng'ambo vikazuka, watu wakavuka ziwa kwa maelfu, na serikali ya Shirikisho ikawafungia ndani ya ua wa umeme. Siku moja ya mvua kubwa uvumi wa kipindupindu ulienea kambini, watu wakausukuma ua ule kwa pamoja. Tekla alikuwa hospitali ya karibu akiwapima wazee wake, akaitwa kusaidia kwa kuwa wauguzi hawakutosha. Kahise, wakati huo ofisa mdogo tu, alishika miguu, yeye akashika mabega, wakawanasua watu kwenye nyaya mmoja baada ya mwingine hadi mikono ikafa ganzi. Baada ya hapo mahakama ilitoa amri: mkimbizi asifungiwe tena kwa ukuta wala kwa waya. Ndipo Kahise alipomjia na swali lake. Punje inayomzuia mtu kuanguka, je, inaweza pia kumwangusha?

Tekla aliwakumbuka wale wa kwenye nyaya. Akasema inaweza.

"Kesho kamati ya Bunge inafika," Kahise alisema sasa, akiwasha gari. "Wanataka kusikia kwako jambo moja tu. Kwamba punje inaweza kuwekwa kwa watoto wadogo pia."

"Tulikubaliana iwe kuanzia miaka saba. Chini ya hapo sikio halijakomaa."

"Najua. Lakini mwezi uliopita mtoto mmoja alitoka nje ya mpaka, akafa. Uzembe wa mama. Angekuwa na punje, leo angekuwa hai." Hakuwa na hasira wala kejeli katika sauti yake. "Lifikirie hilo, dada yangu."

Tekla aligeuka kumtazama. "Mbona sikuambiwa?"

"Ungeambiwa, ungefanya nini?"

*

Kwenye ukingo wa kambi watoto walikuwa wakicheza. Wakubwa walishikana mikono wakaunda mnyororo, na aliye mbele akajinyoosha kuuvuka mpaka hadi macho yakampinduka na magoti yakalegea. Wenzake wakamvuta ndani huku wakicheka, na mwingine akashika zamu. Mpira wao ulipotoka nje, walikituma kitoto kimoja kisichozidi miaka minne. Kilitoka mbio, kikauokota, kikarudi. Hakuna aliyeona ajabu. Tekla alisimama akitazama mpaka kichefuchefu kikampanda, yeye ambaye hakuwa na punje.

Aliuliza nyumba ya mama aliyefiwa na mtoto.

"Mama Sifa? Yule pale, anayechambua maharage," akajibu mmoja wa wakubwa.

Mwanamke aliyekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba hakuinuka. Jina lake lilikuwa Mapendo, lakini kambini walimwita kwa jina la mwanawe, na hakuna aliyeacha kumwita hivyo hata baada ya mtoto kuzikwa. Tekla alimpa pole, akajitambulisha kuwa ni mhandisi kutoka mjini, anayeshughulika na punje.

"Unashughulika nazo vipi?" Mapendo aliuliza.

Tekla angeweza kusema kwamba ni fundi wa matengenezo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. "Nilizitengeneza mimi," akasema.

Mapendo aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa. Kisha akausogeza ungo pembeni, akavuta kigoda cha pili kwa mguu.

"Basi kaa, nikueleze."

Sifa alikuwa na miaka mitatu na alipenda mbuzi. Asubuhi ile mbuzi wa kijijini walipita, akawafuata. Mapendo alikuwa akianika nguo; alipogeuka, mtoto alikuwa ameshauvuka mpaka, anakwenda polepole nyuma ya mbuzi wa mwisho, kuelekea kwenye machimbo ya zamani ya kokoto ambayo mvua ilikuwa imeyajaza maji.

"Nilimwita. Akageuka, akacheka, alidhani ni mchezo. Nikamkimbilia. Unajua mtu akikimbia pale inakuwaje?"

Tekla alijua kwa takwimu.

"Dunia ilipinduka. Nikaanguka, nikatapika, nikaendelea kwa magoti. Kila nilivyosogea ndivyo kizunguzungu kilivyozidi. Nilikuwa nang'ang'ania majani ili nisidondoke mbinguni, hebu fikiria, mtu mzima. Nikawa simwoni tena, namsikia tu. Alikuwa anasema, 'Mama, njoo.' Hakuwa analia. Alikuwa ananiita nikacheze naye."

"Na walinzi?"

"Mitambo yao iliwaambia kuna mtu anavunja mpaka, wakaja. Walikuja kunichukua mimi. Mtoto hana punje, mitambo haimwoni." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nilizinduka zahanati. Watu wa kijiji walikuwa wameshamtoa majini, wakamzika katika makaburi yao, kule nyuma ya machimbo. Mungu awabariki. Nasikia wamemwekea mawe meupe. Sijaliona kaburi."

Kuku walipita kati yao wakidonoa maharage mabovu. Mapendo hakuwafukuza.

"Nina swali moja, Injinia. Pale mwanzo nilikuwa naweza kuvumilia. Ningetambaa, ningemfikia. Kwa nini kilizidi? Nani aliamua kwamba mtu akisogea kizidi?"

Ilikuwa kanuni fupi tu katika programu ya mitambo, na Tekla aliikumbuka vizuri sana, hata siku aliyoiandika. Majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba wapo watu wakaidi ambao wangevuka mpaka kwa kukaza meno. Kwa hiyo aliagiza mitambo iongeze nguvu kwa yeyote asiyerudi nyuma. Katika taarifa yake aliita jambo hilo kukatisha tamaa kwa upole. Hakuwahi kujiuliza ni mtu gani angekataa kurudi nyuma, na kwa sababu gani.

"Mimi," alisema. "Niliamua mimi."

Mapendo alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu hadi miwani, kana kwamba anatafuta kitu alichoahidiwa.

"Nilidhani angekuwa na sura nyingine," akasema, akauvuta ungo wake.

*

Jioni Tekla alimkuta Kahise akila kwenye kibanda cha wageni. Hakukaa.

"Haukuwa uzembe," alisema. "Mama alimwona mwanawe akienda, punje ikamzuia kumfuata. Wewe ulilijua hilo."

Kahise aliweka tonge chini. "Nilijua."

"Na kesho unataka nikawaambie waiweke kwa watoto wadogo?"

"Nataka usiwaambie wabunge waliochoka kwamba mtambo wako una kasoro. Keti, Tekla." Alisubiri mpaka Tekla akakaa. "Kamati ina njia tatu mezani. Ya kwanza ni waya, na kuna wabunge wanaoitamani. Wanasema amri ya mahakama inaweza kubadilishwa. Ya pili ni punje. Ya tatu ni kuwaacha hawa watu wakaishi vijijini na mijini, wafanye kazi kama wewe na mimi."

"Basi iwe ya tatu."

"Ya tatu haina kura. Nimewahesabu mmoja mmoja. Hakuna mbunge anayetaka kurudi jimboni akasema amewafungulia watu wa Ng'ambo. Kwa hiyo ukiiangusha ya pili hutapata ya tatu, utapata ya kwanza." Sauti yake ilishuka. "Mimi bado naota ile siku. Mwanamke mwenye gauni la kijani, unamkumbuka? Vidole vyake havikuachia waya mpaka tulipovifungua kimoja kimoja. Sitaki kurudi pale. Kama bei yake ni watoto kuwekewa kitu kisichouma, nitailipa."

Tekla alimkumbuka. Na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba Kahise hakuwa akidanganya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyeona maiti, akaapa kutoziona tena, na tangu siku hiyo kila jambo lisilo maiti alilihesabu kuwa ni nafuu. Alikuwa anafanana na Tekla mwenyewe.

"Kesho asubuhi nitaizima mitambo," Tekla alisema. "Kwa ukaguzi kabla ya wageni. Nina mamlaka hayo."

Kahise alimwangalia kwa makini. Kisha akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. "Wakitoka watu, nitasema sikujua."

"Sema hivyo."

*

Jua lilipochomoza Tekla alifika kwa Mapendo na kishikwambi mkononi. Kwenye kioo chake, kambi nzima ilionekana kama duara lenye ukingo mwekundu. Alibonyeza, akathibitisha kwa kidole gumba, na wekundu ukatoweka.

"Nimeizima," alisema. "Yote. Unaweza kwenda kumwona mwanao. Kama hutajali, nitakusindikiza."

Mapendo hakumwuliza kama ana uhakika. Aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge kipya, na wakaenda pamoja hadi kijia kinapokufa. Majirani waliwafuata kwa mbali. Habari ilikuwa imewatangulia. Mtu alishaanza kusema kwamba mpaka umefunguliwa.

Mapendo aliinua mguu, akaukanyagisha kwenye majani marefu. Akapiga hatua nyingine. Kwenye ya tatu Tekla aliona jasho likimchuruzika shingoni, na kabla hajasema kitu, mwanamke yule aliyumba, akaanguka kifudifudi na kutapika.

Tekla alipiga magoti kando yake, akatazama kioo. Hapakuwa na kitu. Akakagua punje ya Mapendo peke yake: imelala. Akaikagua mara ya pili.

"Imezimwa, Mama Sifa. Nakuapia, imezimwa."

"Nakuamini," Mapendo alisema, uso ukiwa chini. "Ila huu mwili haujui."

Nyuma yao wengine walikuwa wakijaribu. Mwanamume mmoja mwenye mabega mapana alitembea kwa mbwembwe, akasimama ghafla, akashika kichwa na kurudi nyuma. Wasichana wawili walishikana mikono wakaanguka pamoja. Wengi hawakufika hata kwenye majani. Walisimama pale vijia vinapokomea wakiitazama nyika jinsi mtu anavyotazama maji yenye kina, na baada ya muda wakaanza kurudi majumbani, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Tekla aliyasoma yote haya zamani, chuoni. Sikio la ndani hufundishika. Likiadhibiwa mahali pamoja kwa muda mrefu, hujifunza kujiadhibu lenyewe. Alifaulu mtihani wa somo hilo kwa alama za juu, kisha hakulifikiria tena. Sasa alikaa kwenye majani, kichwa cha Mapendo mapajani mwake, akaelewa kwamba hakuwa amejenga ua unaoweza kubomolewa. Aliujenga ndani ya watu, na watu walikuwa wamerudi nao majumbani.

Alimsaidia Mapendo kurudi. Kaburi hawakuliona siku ile.

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wa shule. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Hobokela Mwasaga, mama mtu mzima mwenye sauti tulivu, na alimuuliza Tekla swali lililotarajiwa: je, punje inafaa kwa watoto wadogo?

"Haifai kwa mtu yeyote," Tekla alisema.

Akawasimulia habari za Sifa, na kanuni aliyoiandika kwa mkono wake. Alipofika kwenye habari za asubuhi ile alisita. Alijua angeweza kuliacha hilo. Lakini alishaacha mambo mengi katika taarifa zake, na mojawapo lilikuwa limelala chini ya mawe meupe. Akaeleza kwamba mitambo ilizimwa, na kwamba hakuna aliyetoka.

Tekla aliona macho ya mwenyekiti yakilengwalengwa, akadhani amewafikia. Kisha mbunge mmoja kijana, mwenye suti ya kijivu, akainua mkono.

"Injinia, nisaidie nielewe. Inachukua muda gani mpaka mtu afikie hali hiyo? Ya kutotoka hata ikiwa imezimwa?"

"Inategemea mtu. Mwaka mmoja, labda."

"Mwaka mmoja." Aligeukia wenzake, na usoni hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu. "Basi, waheshimiwa, hatuhitaji kubishana. Punje ikae mwaka mmoja, kisha iondolewe. Watoto wasiguswe. Baada ya hapo mtu hana waya, hana ukuta, hana punje. Mahakama itasema nini?"

Tekla alimtafuta Kahise kwa macho, naye Kahise alikuwa akitazama sakafu.

"Mheshimiwa, sikusema hayo ili…"

"Umesema ukweli, Injinia, nasi tunakushukuru," alisema mwenyekiti, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka. "Kaa."

Walipiga kura kabla ya chakula cha mchana. Njia ya tatu haikutajwa.

*

Msimu uliofuata waliziondoa punje za Msangamwelu kwa sherehe. Walikuja wapiga picha, bendi ya polisi ikapiga, na daktari akamtoa bibi mmoja punje yake mbele ya kamera. Wageni wa nje waliandika kuwa ni kambi ya kwanza duniani ambayo wakimbizi wenyewe hawataki kuihama. Mwezi huohuo kambi nyingine zilianza kuwapokea watu wa Ng'ambo kwa mpango mpya wa mwaka mmoja.

Tekla aliacha kazi wizarani. Baba yake alimwuliza kwa nini anakwenda kuishi porini na umri wake, naye hakujua pa kuanzia. Alipanga chumba katika kijiji cha jirani, na kila asubuhi alitembea hadi kambini, akawachukua waliotaka, akawafundisha kutoka. Lililofundishwa kwa adhabu alijaribu kulifuta kwa subira: hatua moja nje, pumzi, kaa chini, shika udongo, rudi kabla tumbo halijachafuka, kesho yake hatua moja zaidi. Hakukuwa na mtambo wa kusaidia, na hakutaka kuutengeneza. Wengine walikuja mara moja wasirudi tena. Mwanamume yule wa mabega mapana alilia kwa aibu. Mapendo alikuja kila siku. Hakuwa mwepesi kuliko wengine, na siku nyingine alianguka mahali alipokwisha kupapita wiki iliyotangulia. Katika muda huo wote hakumwita Tekla kwa jina, wala hakumkaribisha tena kwenye kigoda.

Walipofika kwenye machimbo maji yalikuwa yamekauka, kumebaki tope lililopasukapasuka. Mapendo alisimama ukingoni akatazama chini, akatapika, safari hii si kwa sababu ya sikio. Siku iliyofuata walipita kando yake na kuyaona makaburi.

"Wewe subiri hapa," alisema.

Tekla alisubiri. Kutoka mbali alimwona akipita kati ya matuta, akiinama, akitafuta, hatimaye akiketi. Alizungumza kwa muda mrefu kwa lugha ya kwao. Mara moja upepo ulileta kitu kama kicheko. Alikaa mpaka kivuli chake kikarefuka, kisha akainuka, akajikung'uta kitenge na kurudi.

Wakashika njia ya kurudi kambini. Tekla alikuwa ameyabeba maneno yake kwa miezi mingi, ameyapanga na kuyapangua, na kila alipoyasema peke yake chumbani yalionekana madogo. Yakamtoka hata hivyo.

"Mama Sifa, mimi nilitaka…"

"Usiseme." Mapendo hakupunguza mwendo. "Ukiniomba msamaha leo nitakupa, kwa sababu nimechoka, na kwa sababu nimemwona mwanangu. Ukishaupata utapona, na ukipona utakwenda zako. Na wale waliobaki kule ndani, nani atawatoa?"

"Sitaondoka."

"Basi usiombe."

Mbele yao kijia kilionekana, na watu wachache wamesimama mwishoni mwake wakiwatazama wanavyokuja kutoka nje. Mapendo aliyumba kidogo alipokaribia, akanyoosha mkono pembeni bila kuangalia. Tekla aliushika, wakaingia kuwachukua wengine.